Ramani imekuja na vioo vitupu na paa la kuficha, mama anauliza "jioni mtakaa wapi?" Naombeni ushauri

Mwenye Kiwanja
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina kiwanja kwenye mteremko unaoshukia magharibi, chini yake kuna bonde. Si mbali na ikweta. Mchana jua ni kali, usiku kunapoa mpaka unatafuta blanketi, na mvua zikija zinakuja na upepo. Nilimpa msanifu kazi kwa maneno machache tu: nataka nyumba ya kisasa. Ramani imerudi ikiwa boksi jeupe, paa la kuficha (limezungushiwa ukuta, kwa nje halionekani), sebule yenye ukuta mzima wa vioo unaotazama bonde, na alama za viyoyozi vitano. Anasema mandhari ile kuifunga ni dhambi.

Picha ni nzuri, sikatai. Lakini mama alipoiona kwenye simu aliuliza mawili tu: "Jioni mtakaa wapi?" na "Mbona haina kope?" La pili sikulielewa mpaka aliponionyesha paa la nyumba yake lilivyotoka nje na kufunika kuta.

Sasa nauliza: nyumba inaweza kuwa ya kisasa kweli, isile umeme, na bado ionekane imeota hapa hapa? Au nibandike tu nakshi za asili ukutani yaishe? Msingi bado haujachimbwa. Nawasilisha.

Penseli Butu
Mkuu, mama yako amefanya nusu ya kazi ya msanifu bila kulipwa. Mimi nachora majengo, ndiyo riziki yangu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu, univumilie.

Tuanze na huo ukuta wa vioo. Karibu na ikweta jua la mchana hupita karibu na utosi, miezi mingine likielemea kaskazini, mingine kusini. Hilo ni rahisi kulizuia: upenu wa kama mita moja juu ya kuta za kaskazini na kusini unazitia kivulini muda mwingi wa mwaka. Jua la saa kumi alasiri ni jambo jingine. Limeshuka, linapita chini ya upenu na kufika hadi ukuta wa ndani. Kioo cha kawaida kinaliruhusu liingie, lakini joto linalotoka kwenye sakafu na makochi yaliyokwisha kuota jua hakilipitishi kirahisi kurudi nje. Pazia halitakuokoa, kwa sababu pazia likipata moto, moto huo tayari uko ndani. Kinga ya jua inakaa nje ya kioo: luva (vibao vya kukinga jua vilivyopangwa kwa kuachana), mbao, matofali ya matundu, mti. Viyoyozi vitatu kati ya vile vitano naamini vimewekwa kwa ajili ya ukuta huo mmoja.

Mandhari usiiache. Geuza nyumba, urefu wake ulale mashariki-magharibi, upande mfupi ndio utazame bonde, na mbele yake weka baraza lenye kina cha mita tatu hivi. Bonde mtalitazama mkiwa kivulini. Na swali la kwanza la mama limepata jibu.

Kwenye nakshi, hapana. Tafuta picha za shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, iliyochorwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001. Kuta ni matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo. Juu kuna dari ya matofali, na juu ya dari kuna paa la mabati lililonyanyuliwa kwa fremu ya nondo nyembamba. Bati linapata moto, ndiyo, lakini upepo unapita katikati na kuuondoa kabla haujawafikia watoto. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga. Ukutani hakuna urembo uliobandikwa, lakini hakuna anayeiona akadhani imeagizwa kutoka nje. Shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na Kéré mwenyewe mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu duniani. Mwambie msanifu wako kwamba kisasa ni hiki pia.

Baridi Kali
Wakuu tusidanganyane. Mimi nimekulia nyumba ya udongo, najua nilichokiacha. Kiyoyozi ni maendeleo. Jaza sola juu ya paa, washa vyote vitano, lala.

Penseli Butu
Sola aweke, sina ugomvi nayo. Ila saa anazohitaji baridi zaidi ni jioni na usiku wa mapema, jua likiwa linaaga au limeshazama. Hapo anaongelea betri, tena kubwa. Bora apunguze joto kwanza, ndipo apige hesabu ya paneli.

Tofali Kwanza
Mchoraji umesema vizuri lakini umesahau mteremko. Kiwanja kinashukia magharibi, maana yake mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) inakwenda kaskazini-kusini. Ukilaza nyumba ndefu mashariki-magharibi unaikata ardhi: upande mmoja unachimba shimo, upande wa pili unajaza kifusi na kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Hela yote itaishia chini ya sakafu. Na kifusi kisiposhindiliwa sawasawa, nyumba inatitia upande.

Ningemshauri aigawe. Vipande viwili au vitatu vishuke kama ngazi, kila kimoja na sakafu yake, katikati ua mdogo. Msingi nao unakwenda kwa ngazi. Juu ya nyumba achimbe mtaro wa kukatiza maji ya mvua kabla hayajaufikia ukuta.

Paa la kuficha mimi binafsi silipendi. Maji yote yanakusanywa kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta. Ukiziba kwa majani, maji yanashuka ndani ya nyumba. Kuta nazo hazina kinga, mvua ya upepo inazipiga moja kwa moja. Mama ana haki ya kuuliza kope.

Penseli Butu
Hapo umenishika, fundi. Vipande vya kushuka ni bora kuliko nilivyosema. Na ua ukikaa kwenye kivuli, hewa ya hapo inakuwa ya baridi kuliko ya nje, madirisha ya chini yanaivuta ndani, ya moto inatokea juu. Matundu ya juu yasisahaulike, hewa moto hupanda na lazima ipate pa kutokea.

Shungi
Naomba niwe mkorofi kidogo. Mnaongea jua na upepo, lakini kaka ameuliza pia kuhusu kufanana na mahali. Hassan Fathy, msanifu wa Misri, katika miaka ya 1940 alijenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor. Matofali ya udongo, kuba, ua, kila kitu cha asili, na kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Waliojengewa wengi wakakataa kuhamia. Riziki yao ilifungamana na makaburi ya kale walikokuwa wakiishi, na kuba kwao zilikuwa za kufunika wafu. Asili ya msanifu haikuwa asili ya wenye nyumba.

Kwa hiyo kabla hujamrudia msanifu, keti na familia mwandike siku yenu ilivyo. Saa moja asubuhi nani yuko wapi? Mgeni asiyetarajiwa anaishia wapi, na je, akikaa hapo anaona jikoni? Nani anapika, na moshi au mvuke unaelekea wapi? Mama akija kukaa mwezi mzima atapanda ngazi ngapi? (Hivyo vipande vya fundi vinavyoshuka kama ngazi, goti la mzee halitavipenda. Chumba chake kiwe usawa wa baraza.)

Nyonyanyonya
Na mimi ninayeishi kwenye joto la unyevu, usiku haupoi kabisa, nijenge kuta nene hivyo hivyo?

Penseli Butu
Hapana, dada, usinakili. Ukuta mnene hufanya kazi palipo na tofauti kubwa ya mchana na usiku. Ukuta wa udongo wa sentimita 30 unachelewesha joto kwa muda wa saa nane hadi kumi hivi: jua la mchana linafika ndani usiku, wakati ambapo unafungua madirisha kulitoa. Jengo la Eastgate la Harare, lililochorwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, linatumia ujanja huo huo kwa ukubwa wa ofisi na maduka: usiku feni zinapitisha hewa baridi kwenye zege, mchana zege linapoza hewa inayoingia. Kwako wewe usiku hauna baridi ya kuhifadhi. Jenga nyepesi, inua sakafu, madirisha yatazamane ili upepo upite, kivuli kila upande.

Mwenye Kiwanja
Wakuu nimerudi. Msanifu alinuna siku mbili, leo kanipigia mwenyewe. Tumekubaliana vipande viwili, ua katikati, paa linaloonekana, mapenu mapana. Ukuta wa vioo umekuwa milango ya kukunja nyuma ya baraza. Kiyoyozi kimebaki kimoja, chumba cha mama, na yeye anasema hakitaki.

Yamebaki mawili. Udongo wa kuchimba msingi unafaa kufyatulia matofali ya kufungamana? Na kuna mti mkubwa upande wa magharibi uliowekewa alama ya kukatwa.

Shungi
Mti ukatwe kwa kosa gani? Huo ndio pazia lako la saa kumi, tena halifuliwi. Sogezeni msingi.

Tofali Kwanza
Msingi usogee mbali na mizizi, mti ubaki.

Udongo: ondoa ule wa juu wenye mizizi, chukua wa chini yake. Tia kwenye chupa angavu mpaka theluthi, jaza maji, chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho. Mchanga utatua chini, udongo laini utafuata, mfinyanzi utakaa juu. Mchanga ukiwa mwingi na mfinyanzi wa kiasi, tunafyatua kwa saruji kidogo. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, itabidi tuongeze mchanga. Yakishafyatuliwa yafunikwe na kumwagiwa maji wiki nzima ya kwanza, na yasibebe mzigo kabla ya siku 28. Watu wanaharakisha hapo, halafu wanalaumu udongo.

Mwenye Kiwanja
Chupa iko dirishani. Mama ameshauliza ni dawa ya nini. Kesho naweka picha.