Naomba ushauri: projekti ya mwisho na logo yangu binafsi

Wakuu habari, niko Mtwara mjini nasoma grafiki dizaini mwaka wa mwisho, projekti nimechagua vifungashio vya korosho za akina mama wanaobangua kwa mkono kule Newala, pakiti ya gramu 250. Dizaini ninayo ila nilipoenda kuprinti ule wekundu wa bibo ukatoka umepooza kama tofali, kumbe faili lilikuwa RGB (rangi za kwenye skrini) badala ya CMYK (rangi za wino wa kuprinti), nimebadilisha na bado haung'ai. Kuna karatasi inayosaidia au nibadili rangi yenyewe?

Cha pili ndo kinaninyima usingizi. Tunatakiwa kila mtu awe na logo yake na potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zake za kuonyesha. Mimi Mmakonde, babu alikuwa anachonga mpingo, natamani nichukue mistari ya chale za usoni za wazee wetu iwe alama yangu, lakini zile si mapambo tu, zina wenyewe, na sitaki kuzidhalilisha kwenye bizinesi kadi. Mwalimu kasema niweke herufi mbili za jina basi, moyo unakataa. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Na potifolio, kazi ninazo 14 ila ninazojivunia kweli ni 6, niweke hizo tu? Nawasilisha wiki ijayo.