RE: RE: RFE ya mchungaji wetu wa Kondele, naomba msaada

Achieng (Dallas)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Na wale wasiojibu hiyo salamu, hamjambo.

Mnalijua kanisa letu lile dogo linalokutana saa nane mchana kwenye ukumbi wa Walutheri. Tulipeleka fomu I-129 ya viza ya R-1, ile ya wahudumu wa dini, kumleta mchungaji kutoka Kondele, Kisumu, maana tuliyekuwa naye amehamia Kanada kwa watoto wake. Sasa imeingia RFE, barua ya uhamiaji ya kudai ushahidi zaidi. Wanataka barua ya 501(c)(3), ile ya idara ya kodi ya kuthibitisha kanisa lina msamaha, wanataka maelezo ya mshahara, na wanataka ushahidi kwamba mchungaji amekuwa mshirika wa dhehebu hili miaka miwili mfululizo kabla ya sisi kupeleka maombi. Mshahara upo kwenye bajeti. Barua ya kodi hatuna, tuliambiwa kanisa halihitaji. Huo ushirika wa miaka miwili ndio unaninyima usingizi: tawi la Kondele halina cheti chake, linatumia cha makao makuu, na daftari la washirika lililowa paa lilipovuja. Kurasa zimeshikana, wino umekuwa wingu la bluu. Nimetumiwa picha kwa WhatsApp na hata jina langu mwenyewe sikuliona.

Tumepewa siku 84, na bahasha ilikuwa imelala kwa jirani. Wakili anasema atanipigia. Kuna aliyepita njia hii? Hasa hilo la daftari.

Barasa (Minneapolis)

Pole dada. Barua ni jambo dogo. Ingia Pay.gov, jaza 1023-EZ, fomu fupi ya kuomba msamaha wa kodi, lipa dola 275, ukae kidogo utaipata. Sisi tulifanya hivyo kwa chama chetu cha mazishi cha watu wa Bungoma na hakuna aliyetusumbua.

Lakini mimi nauliza, serikali inapima uchungaji wa mtu kwa mamlaka gani? Mahakama ya Juu ya nchi hii ilishasema mwaka 2012 katika kesi ya Hosanna-Tabor, majaji wote tisa, kwamba serikali haina kauli kuhusu nani kanisa linamweka kuwa mhudumu. Leo karani anadai daftari la Kondele! Wakili aiandike hiyo kesi kwa herufi kubwa juu kabisa ya majibu.

Njeri wa Nakuru (Tacoma)

Barasa, tafadhali. KANISA HALIRUHUSIWI KUTUMIA EZ. Iko kwenye maelekezo ya fomu yenyewe, watu hawasomi. Kanisa linajaza 1023 ile ndefu pamoja na Jedwali A la makanisa, na ada ni dola 600. Chama cha mazishi si kanisa, hata kama mnaimba.

Achieng, aliyekuambia kanisa halihitaji barua alisema kweli upande wa kodi. Kanisa lina msamaha bila kuuomba na halijazi 990, ile ripoti ya kila mwaka. Ila R-1 ina kanuni zake, na zinataka barua. Kama mko chini ya dhehebu lenye barua ya kikundi (barua moja ya msamaha inayofunika makanisa yake) HAPA Marekani, hiyo inatosha, pamoja na karatasi ya kuonyesha mmo kwenye hicho kikundi. Ya makao makuu ya Kenya haitawasaidia kwa hilo. Mna mwavuli wowote huku?

Na Hosanna-Tabor ilihusu mwalimu aliyeachishwa kazi na shule ya Walutheri huko Michigan. Viza haimo.

Barasa

Asante kwa somo, mwalimu. Kwetu mtu husahihishwa bila kuvuliwa shati mbele ya wakwe. Hoja yangu ya pili, ile ya mamlaka ya serikali, hujaigusa.

Mzee Luvai (Lowell)

Mulembe wanangu.

Barasa, hiyo ya pili naigusa mimi. Mchungaji akihubiri Kondele, Kaisari hana la kuuliza. Lakini hapa ni sisi tuliokwenda kubisha kwake tukitaka viza. Aliyebisha hodi huulizwa jina. Mimi nitashtuka siku watakapouliza huyo mchungaji anahubiri nini, na hilo sijaliona katika alivyoandika Achieng.

Nimelelewa Kaimosi, walipofika Waquaker wa Kimarekani mwaka 1902. Wametufundisha mengi mema, kusoma, useremala, kukaa kimya ibadani. Habari za Mary Dyer sikuzisikia mpaka nilipokuja huku. Mbele ya jengo la bunge la jimbo, Boston, kuna sanamu ya mwanamke ameketi, kofia kichwani, mikono mapajani, kama mama anayengoja zamu yake zahanati. Huyo alikuwa Mquaker mwenzetu. Walimnyonga mwaka 1660 kwa kosa la kurudi katika koloni lililokuwa limewapiga Waquaker marufuku. Na waliomnyonga hawakuwa wapagani! Walikuwa Wakristo hodari wa Biblia, watu waliovuka bahari ili waabudu watakavyo, na walipopata utawala mkononi wakawanyima wengine kilekile walichokuja kukitafuta.

Roger Williams, naye mchungaji, walimfukuza haohao. Akaanzisha Providence mwaka 1636, mji ambao mtu hakulazimishwa dini. Yeye ndiye aliyeandika juu ya ukuta kati ya bustani ya kanisa na pori la dunia, zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya Rais Jefferson. Na Jefferson mwenyewe, barua yake ya ukuta huo ya tarehe 1 Januari 1802 alikuwa akiwajibu nani? Wabatisti wa Danbury, Connecticut, jimbo ambalo wakati ule lilikuwa na kanisa lake rasmi, na Mbatisti aliabudu kwa hisani tu. Vijana wa siku hizi hudhani ukuta ulijengwa na wasioamini ili kulifungia kanisa nje. Walioulilia ni watu wa maombi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakilala jela.

Someni 2 Nyakati 26. Mfalme Uzia hakuwa mfalme mbaya, alijenga minara, alichimba visima, alipenda kilimo. Siku moja akaingia hekaluni afukize uvumba mwenyewe. Makuhani themanini na mkuu wao wakasimama mbele yake wakamwambia toka. Themanini! Siku hizi tungepata wangapi? Wengi wangemshikia chetezo.

Ouma (nimerudi Kisumu, sina haraka tena)

Achieng nyar baba, tawi halina cheti kwa sababu inayojulikana. Novemba 2014 Mwanasheria Mkuu alisimamisha usajili wa makanisa mapya, na mengi yakaingia chini ya vyeti vya wenzao. Baadaye zikaja zile kanuni za kutaka kila mchungaji awe na cheti cha theolojia. Makanisa yakapiga kelele, na mwanzoni mwa 2016 Rais akaamuru ziondolewe. Nilikuwa upande wa kelele.

Halafu ikaja Shakahola, 2023, waumini waliofungishwa mpaka kufa. Miili zaidi ya 400. Tangu hapo ukisema "uhuru wa kuabudu" kwenye matatu watu wanakugeukia. Mimi siwalaumu. Lakini kumnyima mtoto chakula mpaka afe kulikuwa kosa la jinai kabla ya Shakahola, na hakuhitaji sheria mpya ya makanisa yule ambaye angetaka kulizuia. Serikali ishike kilichotendeka. Ikianza kupima mafundisho, itaanza na sisi wadogo wa mabati, si wale wenye televisheni.

Nitapita Kondele nikiona nafasi. Huku mvua inanyesha kila jioni na bodaboda wamepandisha bei.

Barasa

Ouma umesema. Sisi wa Bungoma tulishayaona. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde mkoloni aliipiga marufuku mwaka 1948. Uhuru ukaja, ikaachiwa, na mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Babu yangu alikuwa mwanakwaya wa Friends, yaani Waquaker, hakumpenda Masinde hata kidogo, lakini alikuwa akisema leo ni wao, kesho watatuuliza sisi tunanyamazia nini ibadani.

Wafula (Houston)

Mnausifu huo ukuta, na Kenya je? Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakutakuwa na dini ya Taifa. Geuza kurasa mpaka cha 170, unamkuta Kadhi, analipwa na kodi yangu. Ndiyo maana 2010, kwenye kura ya maoni ya Katiba hiyo, tulipiga kura ya La. Mzee Luvai hapo amepita kimya.

Mama Zainabu wa Mumias (Columbus, Ohio)

Wafula mwanangu, nami nimo kwenye orodha hii, tena kabla yako.

Urithi wa marehemu baba yangu ulikwenda kwa Kadhi. Hakuna Mkristo aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa. Kifungu hichohicho kinasema ni ndoa, talaka, urithi na mambo ya hali ya mtu, wote wakiwa Waislamu na wote wakikubali kwenda huko. Na Kadhi hakuletwa na 2010, alikuwamo tangu mapatano ya ukanda wa pwani ya 1963. Wakati ule wa kura jirani yangu mchungaji alifunga kipaza sauti kwenye mwembe akawa anatuonya juu yetu wenyewe mchana kutwa. Jioni betri ikamwishia akaja kuomba chaji kwangu. Nikampa, na chai juu.

Mkitaka ukuta, jengeni pande zote. Anzeni na hilo gari la mheshimiwa linaloegeshwa karibu na madhabahu kila Jumapili ya harambee.

Wafula

Harambee ni mambo ya kanisa, si ya Katiba. Usichanganye.

Njeri wa Nakuru

Hapo namuunga mkono Mama Zainabu kwa mikono miwili. Nilikuwa mtoto wakati wa mapigano ya kikabila ya Molo. Watu wazima walinong'ona, redio ilikuwa inatusomea safari za Rais. Aliyesema waziwazi ni askofu wetu wa Nakuru, Ndingi Mwana a'Nzeki. Mama alikuwa akirudi misa anakaa jikoni bila kuvua kitambaa, anarudia maneno ya askofu kwa baba polepole, mlango umefungwa. Sasa nikiona video za nyumbani, mwanasiasa ndiye yuko mimbarini na padri ameshika bahasha, naifunga simu.

Mzee Luvai

Askofu Alexander Muge wa Eldoret. Waziri mmoja alimwonya asithubutu kukanyaga Busia, kwamba huenda asitoke hai. Akaenda. Tarehe 14 Agosti 1990 akafa barabarani akirudi. Niseme tu kwamba kanisa la akina Muge, Okullu wa Maseno Kusini na Ndingi liliweza kuukemea uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule wa kupiga kura kwa foleni, kwa sababu halikuwa likingoja mabati kutoka Ikulu.

Na si ya zamani tu. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo, huyo aliyekuwa Kisumu kabla ya Nairobi, aliagiza fedha ambazo Rais alizitoa kwenye parokia moja huko Soweto, Nairobi, zirudishwe, zikiwamo milioni 2 za nyumba ya padri. Mimi si Mkatoliki, lakini siku ile niliagiza nyama.

Wafula, kuhusu Kadhi sikupita kimya. Mkristo anayedai serikali isimguse yeye, halafu akaiomba imguse jirani yake, anaomba kanisa rasmi kwa mlango wa nyuma. Ukitaka Kadhi asilipwe na kodi, nitakusikiliza, ila tuanze pamoja na makasisi wa jeshi na msamaha wa kodi wa viwanja vyetu.

Wafula

Msamaha wa kodi ni tofauti.

Mama Zainabu wa Mumias

Tofauti gani?

Chebet (Des Moines)

Samahani kuingilia. Kuna mtu anapeleka kontena Eldoret kabla ya Krismasi? Nina friji na magodoro mawili. Pia, ile picha ya sima na mrenda aliyoituma Barasa juzi, tafadhali asirudie, watu tuko zamu za usiku.

Achieng

Wapendwa nimesoma yote, hata ya Uzia, na Jumapili nitayatumia. Mwavuli wa huku hatuna, Njeri, kwa hiyo ni 1023 ile ndefu. Tutachanga hizo dola 600. Lakini sijui kama barua yenyewe itafika kabla ya siku 84 kwisha, na kuhusu daftari hakuna aliyesema neno. Barua ya askofu pekee itakubaliwa? Stakabadhi za zaka? Picha za ubatizo? Ouma, ulifika Kondele?

Ouma

Nilifika. Kumefungwa, wote wamekwenda mazishi Siaya. Mlinzi anasema wiki ijayo. Huyo Okullu mnayemtaja, mimi nilimsikia kwa masikio yangu kanisa kuu hapa Kisumu, nitawaandikia siku nyingine.

Barasa

Dada, bado nasema wakili aiweke Hosanna-Tabor.

Njeri wa Nakuru

Asiiweke.

Achieng

Wakili bado hajapiga. Njeri, nimefungua Jedwali A. Wanauliza wastani wa wanaohudhuria ibada. Watoto wa Sunday school tunawahesabu? Na wale wanaokuja chakula kikishaiva?