Mjadala: Dari la Mji Mkongwe lirudishiwe boriti za mikoko, au mikoko iachwe baharini?

Mwanzisha mada (Kiponda)

Assalaam alaykum wadau. Majuzi fundi alipanda ngazi katika chumba cha juu cha nyumba yetu, akawa anagonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo. Za katikati zililia ko, ko, ko. Ya nne kutoka dirishani haikulia. Akachomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani, ikazama yote, akaitoa na unga mweusi wenye maji, kama chicha iliyochacha. Akasema, "Hii ishakwenda, na hizi mbili jirani zake ziko njiani."

Ukuta huo marehemu baba aliupiga lipu ya saruji, maana chokaa ilikuwa ikipukutika na kuchafua nguo. Tukamsifu sana. Kumbe ukuta wa mawe ya matumbawe unataka kupumua: unavuta unyevu kutoka chini na chumvi kutoka baharini, na chokaa huutoa nje polepole. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanakwenda kukaa kwenye ncha za boriti.

Basi nikenda ofisi moja. Nikaambiwa nyumba imo ndani ya eneo la urithi wa dunia, dari lirudi lilivyokuwa, boriti na chokaa, zege haikubaliki. Sawa. Nikenda ofisi nyingine kuulizia boriti. Nikaambiwa mikoko haikatwi hivi hivi, kibali kwa sasa hakuna, na ukikutwa nazo garini ni kesi. Kisheria wote wawili wana haki. Mimi nimebaki katikati na dari langu limeegemea nguzo mbili za muda.

Haya ndiyo nataka tuyajadili. UNESCO imeuandika Mji Mkongwe mwaka 2000, na tangu hapo kila mtu ana la kusema kuhusu milango ya nakshi na vibaraza. Lakini nyumba hizi zimejengwa kwa vitu vitatu vilivyotoka baharini: jiwe, chokaa na mkoko. Hata vyumba vyetu kuwa virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu au tatu hivi kwa upana, si kwamba wazee hawakutaka nafasi. Ndio urefu wa boriti. Msitu ndio uliochora ramani ya nyumba.

Msimamo wangu: pawe na kiasi maalumu cha mikoko inayokatwa kihalali kwa ukarabati wa Mji Mkongwe peke yake, kijiji kinachoilinda kilipwe, na boriti zipigwe muhuri. Nani anapinga?

Mchangiaji, Ghuba ya Chwaka

Mimi napinga, tena kabla hujamaliza sentensi.

Nyinyi watu wa mjini mkiuona mkoko mnaona dari. Sisi tunaona kaa, kamba, dagaa na vifaranga vya samaki wanaojificha kwenye mizizi mpaka wapate nguvu ya kutoka nje ya ghuba. Na hapa ndipo penye mikoko mingi kuliko kwengine kote Unguja, kwa hiyo nikisikia "kijiji kinachoilinda" najua ni sisi mnaotusemea.

Halafu kuna jambo watu wa mjini hawalijui. Mchu, aina moja ya mikoko, ukiukata unachipua. Mkoko wenyewe, ule wa magondi mnaoutaka kwa boriti, ukiukata umekufa. Hauchipui. Lazima upandwe upya, na ukiupanda leo, mtoto wako mchanga atakuja kuukata akiwa na watoto wake. Sasa hicho "kiasi maalumu" kitahesabiwa na nani? Tulishaambiwa hivyo hivyo kwenye kuni za chokaa, mara matanuu ya kuchomea chokaa yakawa kila njia.

Fundi wa chokaa na dari

Huyu wa Chwaka ana haki kwenye chokaa, wacha niseme ukweli ingawa ndio mkate wangu.

Tanuu unalipanga hivi: magogo chini kwa duara, juu yake mawe ya matumbawe, unatia moto, linawaka mchana na usiku. Jiwe likishaiva ukalimwagia maji linapasuka lenyewe na kuwa unga. Chokaa nzuri inazikwa shimoni miezi kabla ya kutumika. Siku hizi nani anangoja miezi? Wanaichota ya moto moto, wanaichanganya na saruji ili ishike haraka, kisha wanasema chokaa ya kale haidumu.

Kuni zinazoingia tanuu moja ni nyingi kuliko boriti za dari zima. Kwa hiyo mkigombana juu ya boriti tu mnaacha mlango mkubwa wazi. Mimi natumia mvinje, na kuna wanaotumia minazi iliyozeeka. Inawaka vizuri tu. Anayetumia mkoko tanuuni anatumia kwa sababu ni bure, si kwa sababu chokaa inautaka.

Kuhusu kubadilisha boriti na mvinje, hapo sikubali. Mkoko una ule utomvu mwekundu, ndio maana wadudu wanaukimbia. Mvinje juu ya dari bila dawa, mchwa wanakuja na familia zao.

Mpangaji wa nyumba ya Wakfu, Mkunazini

Mie nasoma nacheka. Mnajadili utomvu na wengine tunalala na ndoo kitandani.

Nyumba yetu ina familia tano. Kodi ni ndogo, sikatai, lakini kwa kodi hiyo hapana anayekuja kutengeneza kitu, na sisi haturuhusiwi kugusa. Wenye nyumba wa asili wengine waliondoka baada ya 1964, nyengine ni za serikali, nyengine za wakfu. Sasa mnataka kutwambia tusubiri boriti iliyopigwa muhuri? Tupeni zege tulale salama. Mtoto hafi kwa kukosa urithi, anakufa kwa kuangukiwa na dari.

Mwanzisha mada

Bi Mkunazini, sikupuuzi, hilo la ndoo tunalijua hata sisi. Lakini zege siyo salama kama inavyoonekana. Fundi, hebu mueleze.

Fundi wa chokaa na dari

Dada yangu, dari la zamani nalo ni zito, nisikudanganye: boriti, juu yake mawe madogo, juu yake chokaa iliyopondwa. Ila kila boriti imekaa kwenye tundu lake, ukuta ukicheza kidogo nayo inacheza. Ukitaka kuweka zege lazima uchimbe mfereji ukuta mzima kuzunguka. Ukuta wenyewe ni mawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo. Ukishauchimba umeukata kiuno. Zege itabaki nzima, ukuta ndio utakaofunguka. Na nondo zikila chumvi ya bahari, baada ya miaka zinavimba na kuipasua zege kutoka ndani.

Mnakumbuka Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Forodhani. Hiyo haikuwa ya boriti, Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na mihimili ya chuma, ya kisasa kupita zote wakati wake. Upande wenye mnara wa saa umeporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiendelea, watu wawili wakafariki. Sisemi ni chuma peke yake. Nasema tu kwamba cha kisasa nacho kinaanguka kisipotunzwa, na jumba lile lilikuwa na macho ya dunia nzima juu yake.

Mchangiaji, Ghuba ya Chwaka

Nani amegusia macho ya dunia? Nendeni Mambo Msiige mkaone. Jumba la kale limegeuzwa hoteli, limeongezewa jengo jipya kando, Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamika kwamba limezidi kipimo kilichokubaliwa, na hoteli ikafunguliwa vile vile. Sasa niambieni, sheria ya kipimo ni ya nani? Ni ya huyu wa Kiponda na boriti zake tatu?

Na boriti zenyewe zinakwenda wapi? Tembeeni pwani ya mashariki mhesabu vibanda vya wageni, ua wa fito, mapaa ya makuti juu ya nguzo za mikoko. Hizo zina muhuri gani?

Mwanzisha mada

Hapo tuko upande mmoja, ndugu yangu, hata kama ulianza kwa kunipiga. Ndiyo maana nasema muhuri. Leo boriti iliyokatwa usiku na iliyokatwa kwa kibali zikifika mjini zinafanana. Ikiwa boriti halali pekee ni ile yenye alama, inayokwenda nyumba yenye namba inayojulikana, basi yule mwenye vibanda kumi na viwili atatakiwa aeleze zake zimetoka wapi.

Msomaji, Muscat

Samahani naingilia kutoka mbali. Bibi yangu alizaliwa Malindi ya Unguja, mimi nimezaliwa huku. Kwenye nyumba za kale za Ghuba ukitazama juu utaziona boriti zile zile. Huku huitwa chandal. Majahazi yalikuwa yakija na kaskazi na tende na chumvi, yanarudi na kusi yamejaa boriti za Rufiji na Lamu, kwa sababu jangwani hapana mti wa kuezekea. Na vyumba vya huku vyembamba vile vile kama vya Kiponda.

Nilikuwa nikidhani ni fahari tu. Sasa nikisoma hapa nafikiri, basi hiyo misitu imebeba madari ya nchi ngapi? Oman imejitolea kugharamia Beit al-Ajaib. Si vibaya fedha kama hizo zikapandisha na mikoko.

Mchangiaji kutoka Kwale

Wenzenu Gazi, pwani ya Kenya, tangu 2013 wanalipwa kwa kutoikata. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja, hekta 117, wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na mikoko, na pesa zinaingia kwenye maji na shule za kijiji. Lakini pia naomba msikimbilie katazo la jumla. Februari 2018 serikali yetu ilisimamisha ukataji wa miti nchi nzima, na Lamu, ambako nyumba ni za boriti kama zenu na mji nao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, wakataji mikoko wakajikuta hawana kazi kwa sababu ya misitu iliyoharibiwa bara. Mkoko haukuwa na kosa, mkataji wa kibali hakuwa na kosa. Katazo halikuuliza.

Mchangiaji, Ghuba ya Chwaka

Hilo la Gazi nalielewa zaidi kuliko muhuri. Lakini ukishauza hewa, huwezi tena kukata mti ule ule ukauza boriti. Kwa hiyo mjini mtapata nini? Au mnataka mikoko ya Pemba sasa, kwa kuwa iko mingi zaidi na wao hawamo humu kujisemea?

Mwanzisha mada

Hapo umenibana, na nakiri sikulifikiria la Pemba.

Nilichofanya baada ya kusoma yote haya: jana nilimwita tena fundi tukapima. Boriti zinazohitaji kubadilishwa ni tatu tu. Nilikuwa nataka kubadilisha dari zima, boriti ishirini na mbili, kwa sababu ndivyo nilivyoshauriwa mwanzo na mtu mwengine, na mimi nikaja hapa kuomba msitu. Fundi anasema nyengine zimeoza kwenye ncha tu, kama shubiri moja, na zikikatwa ncha zinaweza kuegemezwa kwenye mhimili wa mbao ngumu uliokaa kando ya ukuta juu ya mawe ya kushikilia, kama ilivyo kwenye vyumba vya nyumba nyingi za zamani. Lipu ya saruji ya marehemu baba inatoka yote, inarudi chokaa.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu. Kabla ya kuomba kiasi cha kukata, kila nyumba igongwe kwanza kama alivyogonga huyu, boriti kwa boriti, iandikwe ngapi zimekufa kweli. Na nyumba zikianguka au zikibomolewa, boriti nzima zikusanywe ghala moja. Hivi sasa zinauzwa kuni. Nimeona kwa macho yangu, nyuma ya Darajani, boriti kavu yenye umri kuliko babu yangu inapasuliwa kwa shoka.

Fundi wa chokaa na dari

Ghala ni wazo zuri. Nani atashika ufunguo?

Mpangaji wa nyumba ya Wakfu, Mkunazini

Na huyo fundi anayegonga, kwetu atakuja lini? Maana sisi tukimwita wenyewe tutaulizwa nani katupa ruhusa. Namba ya nyumba ninayo, familia tano, dari la ghorofa ya pili upande wa ngazi. Mvua za masika hizo zinakuja.