Mnaouza kingipini feki za Canter, hivi mnajua gari inashikwa na nini mlimani?

Wakuu, salaam. Nina hasira, mtanisamehe nikikosea herufi.

Nina Canter ya kubebea mbogamboga, Mgeta kushuka Morogoro mjini, mara mojamoja nafika nayo Dar. Anayeijua ile barabara ya Mgeta simwelezi habari za miguu ya mbele. Mwezi wa tatu usukani ukaanza kucheza, unazungusha weee ndipo gari ikumbuke kukata kona, na tairi la kushoto likawa linaliwa ndani tu. Nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Gwa gwa. Nikamwambia kijana akanyage breki, nikatikisa tena. Bado gwa gwa. Ingekuwa beringi ya tairi, breki ingeituliza. Hiyo ni kingipini, ule mhimili wa chuma ambao tairi la mbele linazungukia likikata kona.

Msiniulize kwa nini sikupeleka kwa fundi. Nilipeleka mwaka jana, nikalipa, nikaambiwa kila kitu kipya. Safari hii nilipoichomoa bushi ya chini, yaani ile pete ndefu inayoikalisha kingipini, nikakuta imezungushiwa kipande cha kopo la soda ili ibane. Kopo! Rangi bado inang'aa kama limetoka kunywewa jana. Mwaka mzima nimeteremka zile kona na tani za kabichi mgongoni, na kinachoshikilia tairi ni kopo. Siku hiyo nikaapa: spana nashika mwenyewe.

Na nilifanya kwa adabu. Kile kipini kidogo kinachoifunga kingipini kwenye ekseli kilikuwa kimeota kutu, nikakimwagia mafuta ya taa, kikalala nayo, asubuhi nyundo. Bushi mpya nikapeleka kwa mtu wa kerezo akazichonga mpaka kingipini ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, haining'inii wala haibani. Grisi nikapiga mpaka ikatokeza juu na chini. Hata tairodi, vile viungo vya ncha za bomba linalounganisha tairi mbili za mbele, sikuzigonga kichwani kama wanavyofanya wengi wakavuruga uzi. Nati unaiacha imeshika nyuzi mbili tatu, unagonga ubavu wa lile jicho la chuma, inaruka yenyewe.

Sasa sikieni vituko vya spea.

Tairodi za Canter, upande mmoja uzi wa kulia, mwingine uzi wa kushoto. Ndiyo inakuwezesha kuzungusha lile bomba la katikati tairi zikafunga au kufunguka kwa mbele. Nimenunua mbili Kariakoo, boksi moja limeandikwa L, jingine R. Kufungua: zote uzi wa kulia! Yaani mtu kakaa chini akachapa boksi zuri, herufi kaiweka, ndani katia chochote. Nikapanda basi kurudi Dar. Jamaa hata hakuniangalia, kanyoosha kidole ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudi." Nikamwonyesha zote mbili, akasema, "Bosi, hapo fundi wako kakuharibia." Fundi mwenyewe si ndiye mimi niliyesimama mbele yako! Nikanunua ya kushoto duka la pili kwa elfu thelathini na tano nyingine, nikaondoka.

Hiyo ningemeza. Iliyonileta hapa ni kingipini.

Wiki sita. Wiki sita tu na grisi napiga kila Jumamosi, gwa gwa imerudi. Nimefungua jana. Kingipini ya kushoto imechimbika mfereji, ukipitisha ukucha unakwama. Nikachukua tupa, nikaipitisha kwanza kwenye ile ya zamani, ile iliyokula miaka: tupa inateleza, inalia tu kama umepitisha kwenye kioo, maana chuma cha kingipini juu kinakomazwa kwa moto. Nikahamia kwenye hii "orijino" ya elfu tisini na tano. Tupa ikauma palepale, unga ukamwagika kama nachonga msumari. Ni chuma cha nondo kimepakwa kung'aa!

Ningekuwa na hiyo tupa mfukoni siku ya kununua, ningekwaruza pale chini kwenye kaunta mbele ya macho yao. Ninyi mnaokwenda wiki hii, nendeni nayo. Atakayewakatalia kujaribu, mmeshapata jibu.

Kuna mtu atakuja kusema "kwani risiti huna?" Ninayo, ya mkono. Niliambiwa nikitaka ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inapanda, nami nikajiona mjanja. Hilo nitukaneni, sijitetei. Lakini risiti ya mkono ndiyo iruhusu mtu aniuzie kitu ambacho kikikatika mlimani tairi linalala na usukani unabaki pambo? Na mbele yangu kuna daladala na watoto wa shule wanaotembea pembeni.

Swali langu ni kwa waliowahi kupeleka kesi ya spea feki Tume ya Ushindani: mlienda na nini mkononi? Kingipini ninazo zote mbili, maboksi ninayo, jina la duka lipo kwenye risiti na hapa silitaji. Je, ile karatasi ya mkono inatosha?

Pia mwenye kumjua muuzaji wa seti inayohimili tupa, Moro au Dar, aseme hata kwa gharama mara mbili. Gari iko juu ya magogo, na kabichi za mteja wangu zimepakiwa leo alfajiri kwenye Canter ya jirani. Nimemwambia akaitikise tairi zake kwanza.