Mchoro wangu wa Gikomba umejaa lakini jicho halitulii: nianzie wapi kuupanga?

Njoki_wa_Rangi
Habarini wanajukwaa. Ninachora soko la Gikomba, Nairobi, kwa akriliki, kanvasi ya sentimita 60 kwa 90. Katikati kuna mama muuza mitumba akikung'uta blauzi. Kushoto wako vijana wa mkokoteni, nyuma marobota yaliyopandana hadi karibu na mabati, na kona ya juu kulia zimetundikwa nguo nyekundu. Kila kitu kikitazamwa peke yake kimetoka vizuri, hata mikunjo ya leso. Lakini nikirudi nyuma hatua chache, macho yanazunguka tu. Nilimsogeza mama nikifuata kanuni ya theluthi, ile ya kugawa mchoro sehemu tatu kila upande na kumweka mhusika kwenye mistari ya mgawanyo badala ya katikati, hali ni ileile. Rafiki ananishauri nipunguze watu, ila Gikomba bila watu si Gikomba.

Penseli_Mbili
Inategemea umemsogeza upande gani. Kama yeye na zile nguo nyekundu wote wako kulia, upande huo umelemewa. Mpeleke kushoto.

Fundi_Mabango
Binti yangu, usimwondoe mtu hata mmoja. Nimechora mabango ya maduka River Road miaka mingi, sasa nafundisha vijana huku Buruburu, na kila mchoro unaoletwa mbele yangu nauuliza kwanza: mwenyewe ni nani? Kwako ni mama wa blauzi. Basi wengine wote wamtumikie.

Theluthi isikufunge mikono. Mwingereza John Thomas Smith aliipa jina hilo mwaka 1797 akieleza mandhari za mashambani, namna ya kugawa ardhi na anga zisitoshane nusu kwa nusu. Inasaidia, sikatai. Lakini itazame Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, ile ambayo nakala yake iko kwenye kuta za sebule nyingi hapa mjini. Yesu yuko katikati kabisa. Mistari ya dari na ya kuta inakimbilia kichwani kwake, na nyuma yake kuna dirisha lenye mwanga. Wanafunzi 12 wamekusanywa makundi manne, watatu watatu. Watu 13 kwenye meza moja, na huoni msongamano.

Turudi sokoni. Mkokoteni unaelekea wapi? Mishikio yake ikitazama nje ya ukingo, jicho litatoka nayo. Ugeuze umwelekee mama. Wale vijana wabanane, mabega yagusane, kivuli kimoja kiwafunike wote wawe umbo moja. Watu hawapungui, bali maumbo ndiyo yanayopungua, na maumbo ndiyo jicho linayoyahesabu.

Nyekundu ya kona ni kama manamba wa matatu stejini, inamwita hata asiyesafiri. Ichanganye na kahawia ipoe, kisha nyekundu safi uipeleke kwenye blauzi anayoikung'uta mama. Marobota nayo yaache yatulie. Usichore kila kamba. Pale ndipo jicho litakapopumzika.

Ila kazi kubwa zaidi ni ya mwanga na giza, na hapa Gikomba inakupa utajiri ambao wengi wanaupita: ndani ya vibanda ni giza hata mchana, halafu jua linapenya kwenye mianya ya mabati. Mahali jua linapotua, hapo ndipo mama asimame. Piga picha mchoro wako kwa simu, uifanye iwe nyeusi na nyeupe. Kama uso wake na kilicho nyuma yake vina kijivu kimoja, atapotea popote utakapomweka.

Penseli_Mbili
Fundi, bado naona anayeanza anahitaji theluthi. Bila hiyo kila kitu hukaa katikati.

Fundi_Mabango
Kukaa katikati si kosa, ndugu yangu. Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam alikuwa akimweka mnyama mmoja akajaza karibu ubao wote wa hadibodi, kwa rangi za baiskeli, na mchoro ukasimama imara. Alijua mwenye mchoro ni nani.

Njoki_wa_Rangi
Asante sana, mzee. Nimepiga picha. Kweli, uso wake na mabati ya nyuma ni kijivu kilekile. Nimwongezee mama mwanga au niyatie mabati giza?

Fundi_Mabango
Yatie mabati giza. Ukiuongezea uso weupe utaiua rangi ya ngozi. Changanya buluu na kahawia, uzimue kwa maji kidogo, upake tabaka jepesi, likauke, ndipo uongeze jingine. Acha mwanya mmoja wa jua juu ya bega lake. Lakini kabla ya kugusa kanvasi, chora vipicha vya penseli vya ukubwa wa kiberiti, giza na mwanga tu, bila nyuso. Viweke hapa tuvione, hasa kile cha mkokoteni ukiwa umegeuzwa.