Wanafunzi wa vyuo tunalipishwa bima ambayo hatupewi nafasi ya kuisoma

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila mwaka wa masomo unapoanza, mwanafunzi hukabidhiwa fomu ya usajili ambayo ndani yake, kati ya namba ya chumba na nafasi ya kubandika picha, upo mstari mmoja wa bima wenye visanduku viwili: ninakubali, au nina bima nyingine. Mkataba haujaambatanishwa. Kilichopo ni kipeperushi chenye vijana wanaocheka na orodha ya mafao kwa herufi kubwa, huku foleni iliyo nyuma yako ikikuhimiza utie saini. Ukija kuugua, unaambiwa kwamba ulichagua mwenyewe.

Nilichagua nini? Kipeperushi hakitaji kipindi cha kusubiri, yaani ile miezi ambayo umeshalipa ada lakini baadhi ya huduma bado huruhusiwi kuzipata. Hakisemi iwapo maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga yanalipiwa, na kwa mwenye pumu, kisukari au selimundu hilo ndilo swali la kwanza. Hakionyeshi kikomo cha malipo kwa mwaka, wala kiasi ambacho mgonjwa hujilipia kwanza kabla kampuni haijaanza kuchangia. Mara nyingi ada ya bima huwa ndogo kwa sababu kiasi hicho kimepandishwa, na mwanafunzi asiye na akiba hana namna ya kukifikia, kwa hiyo analipia kadi ambayo siku ya kulazwa haimvushi hata mapokezi.

Kisanduku cha pili nacho kina mtego wake. Wengi wetu tumeandikishwa kama wategemezi wa wazazi, na utegemezi huo una ukomo wa umri: Marekani sheria imeuweka kwenye miaka 26, Ujerumani bima ya familia humfikisha mwanafunzi miaka 25, na kwingine hukoma mapema zaidi. Anayefikisha umri huo katikati ya muhula anaweza kubaki bila bima yoyote na asijue mpaka aombwe fedha taslimu hospitalini. Wapo pia ambao kadi ya mzazi inapokelewa katika hospitali za karibu na nyumbani tu, ilhali chuo kiko mbali.

Bima ya mali ndiyo iliyonifikisha hapa. Mwenzangu wa chumba aliibiwa kompyuta mpakato yenye utafiti wake wote, akapeleka risiti na taarifa ya polisi, na dai lake likakataliwa kwa kuwa mlango haukuvunjwa. Mkataba, ambao aliuona kwa mara ya kwanza siku hiyo, unafidia wizi wa kuvunja peke yake. Katika bweni ambalo watu wanne wanagawana chumba kimoja na funguo zinapita mikononi mwa wengi, ni mwizi gani atakayehangaika kuvunja mlango? Aliyeandika sharti hilo alijua fika kwamba anawauzia wanafunzi.

Bima husimama juu ya nia njema ya pande zote mbili, na ndiyo maana mteja akificha ugonjwa wake mkataba unaweza kubatilishwa. Mbona basi masharti yanapofichwa kwa mteja jambo hilo linaitwa utaratibu wa usajili?

Ninachodai hakina ugumu. Mkataba mzima utumwe pamoja na barua ya kukubaliwa chuoni, ili mwanafunzi na mzazi wake wausome na kuulinganisha na bima waliyo nayo. Masharti ya kutolipwa yawekwe mbele, si ukurasa wa mwisho. Chuo nacho kiseme wazi kama kinapata kamisheni kwa kila mwanafunzi anayeandikishwa.

Kama humu yupo mwanachuo aliyewahi kupewa mkataba kamili kabla ya kulipa, naomba aeleze aliuomba kwa nani na alijibiwa nini.