Kuvuta wifi ya mjomba kutoka ng'ambo ya bonde (Goba): antena ipi, adapta ipi?

Mama_Cherehani

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijaenda kutupa hela Kariakoo.

Nimepanga Goba, upande wa kushukia bondeni. Faiba huku haijafika, nimeuliza hadi nimechoka. Mjomba wangu amejenga ng'ambo ya bonde na faiba anayo, kifurushi kikubwa tu, watumiaji ni yeye na mkaza mjomba na tamthilia zao. Mwenyewe kaniambia, "Vuta tu mama, hiyo inalala bure."

Kwenye ramani ya simu ni kama mita 650 mstari mnyoofu. Nikisimama kibaraza cha nyuma naliona tanki lake jeusi la maji. Katikati ni bonde, vibanda viwili vitatu na mwembe mmoja mkubwa. Usiku nikiwa nje, simu inaonyesha jina la wifi yake, kistari kimoja. Nikigusa kuunganisha inazunguka weee, mwisho inakata.

Mimi nashona, na nafundisha ushonaji kwa video za moja kwa moja. Bando la simu linanimaliza, wanafunzi wanalalamika naganda nikiwa katikati ya kukata kola.

Kariakoo nimeonyeshwa vitu viwili. Kwanza adapta ya USB yenye vijiti viwili, boksi limeandikwa dBi 36, kilomita 3. Pili antena ya fimbo ya kufunga nje, na waya wake wa mita 10 wa kuleta ndani kwenye adapta. Shemeji anasema nichukue vyote. Bajeti yangu laki tatu, isizidi. Nina laptop, simu mbili na TV ya watoto. Natanguliza shukrani.

bando_halitoshi

Dada utahangaika bure. Chukua ruta ya laini ya simu, weka dirishani, maisha yaendelee. Mita 650 kwa wifi ni ndoto.

Fundi_Mlingoti

Mkuu hapo juu, mita 650 ndoto? Mwaka 2007 jamaa wa Venezuela waliunganisha wifi kilomita 382 kutoka mlima hadi mlima, kwa vifaa vya bei ndogo na madishi. Tofauti yao na dada ni kwamba wao hawakuwa na mwembe.

Sasa dada, tuanze na hiyo dBi 36 maana imenitibua. Antena haiongezi nguvu hata chembe. Inaikusanya ile iliyopo na kuielekeza upande mmoja (dBi ndiyo kipimo cha ukusanyaji huo), na ili ikusanye lazima iwe na mwili. Kwa masafa ya wifi ya 2.4 GHz, urefu wa wimbi ni kama sm 12.5. Antena ya dBi 24 ya kweli ni ile ya nondo nondo kama wavu wa kuchomea samaki, upana wake unakaribia mita 1. Ukitaka dBi 36 halali unahitaji dishi la kipenyo cha zaidi ya mita 3, yale makubwa ya zamani ya futi 10 na zaidi. Sasa mtu akikuambia dBi 36 imo kwenye vijiti viwili vya urefu wa kiganja, mrudishie boksi lake umsalimie.

La pili ni huo waya wa mita 10. Uangalie ubavuni. Ukisoma RG-58, ule mwembamba mweusi, basi kwa 2.4 GHz unakula karibu desibeli 1 kila mita. Mita 10, desibeli 10. Yaani katika kila sehemu 10 za mawimbi zilizoingia juu, chini inafika 1. Fimbo ya nje imekupa dBi 8 au 9, waya umezila zote na kudai chenji. Kuna waya mnene, LMR-400, unapoteza kama desibeli 2 tu kwa urefu huo huo, ila ni mgumu kukunja, bei yake si ya mchezo, na vichwa vyake vinataka fundi anayejua kuvibana. Halafu adapta nyingi zina kichwa cha RP-SMA, dukani wanakupa SMA ya kawaida. Kwa nje nyuzi zinashikana, lakini ndani pini inagota kwenye pini badala ya kuingia kwenye tundu, na wewe unakaa unamlaumu mjomba.

Kwa nini simu inaiona wifi lakini haiungi? Spika ya msikiti unaisikia mtaa wa tatu. Wewe ukiitikia ukiwa uani kwako, imamu hakusikii. Wifi ni mazungumzo, kila pakiti inasubiri jibu. Ruta ya mjomba ina antena za maana na umeme wa ukutani, simu yako ina kiantena kilichofichwa ndani na inabana betri. Ndiyo maana kununua adapta "yenye nguvu" upande wako tu ni nusu ya dawa. Ruta yake bado iko sebuleni, nyuma ya ukuta wa tofali na chini ya bati. Bati kwa mawimbi haya ni kioo, linayarudisha yalikotoka.

Ushauri wangu: sahau USB kwa umbali huu. Tafuta redio mbili za nje, zile ambazo antena na redio viko kwenye ganda moja la plastiki jeupe. TP-Link wana CPE210 (2.4 GHz, dBi 9) na CPE510 (5 GHz, dBi 13). Ubiquiti wana NanoStation na LiteBeam. Redio inakaa juu ya bomba pamoja na antena yake, kwa hiyo waya wa kula mawimbi haupo kabisa. Kinachoshuka ndani ni waya wa LAN, ule wa mtandao wa kuchomeka kwenye ruta, na umeme unapanda humo humo. Moja unaifunga kwa mjomba irushe, nyingine kwako ipokee. Ndani kwako unachomeka ruta yoyote ndogo, hata kuukuu, ndiyo igawe kwa simu, laptop na TV.

Kabla ya kununua chochote nijibu mambo matatu. Ukipanda juu ya paa, mwembe unaziba tanki au uko pembeni? Mjomba anaweza kufunga juu ya tanki au kwenye ukingo wa paa? Na mwenye nyumba wako anaruhusu bomba ukutani?

kopo_la_maziwa

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi, nilitengeneza antena ya kopo na inafanya kazi kutoka hosteli hadi kwa rafiki yangu mtaa wa pili. Kwa wenye hela ndogo: tafuta kopo la bati lenye kipenyo kati ya sm 7.2 na 9.4. Jembamba zaidi ya hapo mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti, nene zaidi yanavurugika. Ndani unasimamisha kipande cha waya wa shaba cha milimita 31, ambacho ni robo ya wimbi. Pima kwa rula, usiamini jina la kopo.

Na adapta za USB si mbaya zote. Alfa AWUS036NHA ni nzuri, ina chipu ya Atheros AR9271. TP-Link TL-WN722N toleo la 1 lina chipu hiyo hiyo, kuanzia toleo la 2 wakaweka chipu ya kampuni nyingine, Realtek. Jina moja, ganda moja, ndani vitu tofauti. Soma namba ya toleo kwenye kibandiko kabla ya kutoa hela.

Fundi_Mlingoti

Marahaba kijana. Kazi nzuri, vipimo vyako viko sawa. Kwa mita 100 hivi ningemwambia dada afuate hayo. Nyongeza moja: mwenye adapta ya USB asirefushe waya wa antena, arefushe waya wa USB. Adapta yenyewe aitoe nje chini ya kibaraza ikiwa kwenye kichupa cha plastiki, waya wa USB usizidi mita 5. Mawimbi hayapotei kwenye USB, aidha data inafika au haifiki. Ila kopo kwenye masika ni bwawa la mbu, na dada anataka darasa lisigande.

Wakili_wa_Mtaa

Kwa faida ya wengine wanaosoma: hapa mwenye wifi ni mjomba na ameridhia, hakuna shida. Usije ukachukua vifaa hivi ukaanza kuvuta ya jirani asiyejua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa. Dada, mwambie mjomba asome mkataba wa faiba kama anaruhusiwa kushirikisha nyumba nyingine. Kuuza tena ni habari nyingine kabisa, huko kuna leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mama_Cherehani

Nashukuruni sana, hata shemeji nimemsomesha na amenyamaza.

Fundi, majibu: nimemtuma kijana juu ya bati na simu, amepiga picha. Mwembe uko kushoto. Majani ya pembeni yanagusa kona ya nyumba ya mjomba, lakini tanki lote linaonekana. Mjomba anasema funga popote isipokuwa kwenye dishi lake la king'amuzi. Mwenye nyumba amekubali bomba ila hataki kutobolewa bati. Kuna programu kwenye simu inapima mawimbi, ilisoma −84. Hiyo ni mbaya?

Fundi_Mlingoti

−84 ni ya kuona jina tu. Kwa video ya moja kwa moja nataka −65 au bora zaidi, yaani namba iliyo karibu na sifuri.

Twende hesabu, ni ya kujumlisha na kutoa. Chukua CPE210 mbili, tuseme tunarusha kwa desibeli 20 tu bila kujitutumua. Jumlisha 9 ya antena ya mjomba, jumlisha 9 ya kwako, inakuwa 38. Hewa ya mita 650 kwa 2.4 GHz inakula kama 96. Unabaki na −58. Hapo hata ukipoteza kidogo kwa kulenga vibaya, darasa linaendelea.

Mwembe sasa. Kuliona tanki kwa macho hakutoshi, mawimbi yanasafiri yakiwa yamenenepa katikati. Kwa umbali wako, katikati ya safari unene ni kama mita 4.5 kila upande wa mstari kwa 2.4 GHz, na karibu mita 3 kwa 5 GHz. Kuelekea mwisho yanakonda. Bonde linakusaidia, ardhi iko chini mbali. Majani ndiyo ninayoyaogopa. Mvua yenyewe kwa masafa haya haina neno. Majani yaliyolowa ndiyo yanayokunywa mawimbi, na 5 GHz yanainywa zaidi. Mtu anafunga Januari kila kitu shwari, masika ikishuka anapiga simu.

Kwa hiyo mjomba afunge upande wa tanki ulio mbali na mwembe. Kama hapo mstari unakuwa mweupe kabisa, nenda CPE510, kwa sababu 2.4 ya mijini imejaa: kila nyumba ina ruta, na chaneli zisizoingiliana ni 3 tu, ya 1, 6 na 11. Kama majani bado yanachungulia, chukua CPE210, uchague chaneli yenye kelele ndogo, na upana wa chaneli uuache 20 MHz. Usishawishike na 40, kasi inaandikwa kubwa halafu inayumba. Mimi kwa picha uliyoeleza ningeanza na 2.4.

Bei zinacheza na dola, uliza maduka matatu. Mitumba pia ipo, ila hakikisha kila redio ina adapta yake ya PoE, ile inayopandisha umeme kwenye waya wa LAN.

Bati lisitobolewe: funga bomba kwenye ukuta wa kenchi kwa klempu, lipande mita 2 juu ya bati. Zote mbili zisimame wima vile vile. Moja ikilala ubavu na nyingine ikisimama unaweza kupoteza mawimbi ukashangaa. Waya wa LAN uwe wa nje, wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba unakatika kichwani na umeme haufiki juu vizuri. Uache ukining'inia kidogo chini ya redio kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee hapo.

Adapta ya PoE ina matundu mawili. Lililoandikwa PoE linakwenda juu kwenye redio, la LAN linakwenda kwenye ruta. Usilichomeke la PoE kwenye laptop, ni volti 24 zinasubiri kuunguza mtu.

Mama_Cherehani

Nimeelewa. Na radi? Bomba juu ya nyumba linanitisha. Halafu umeme ukikatika kwa mjomba?

Fundi_Mlingoti

Bomba lipate waya wa ethi hadi chini ardhini, usifungwe kwenye bomba la maji la plastiki. Radi ikianza kunguruma karibu, chomoa ukutani pande zote mbili. Hakuna kifaa kinachoishinda radi ikiamua.

Umeme ukikatika kwake, umekatika kwako. Ila redio na ruta vinakula wati chache tu, betri ndogo na inveta ndogo vinabeba jioni nzima. Mnunulie mjomba hiyo zawadi, na boksi la faiba aliunganishe hapo hapo.

kinyerezi_kwetu

Fundi na mimi nisaidie. Kinyerezi, ofisi ya kaka iko kilomita 2. CPE210 itafika?

Fundi_Mlingoti

Kilomita 2 inafika. Ukipanda juu ya bati unaiona ofisi?

kinyerezi_kwetu

Siioni, kuna ghorofa nne limesimama katikati.

Fundi_Mlingoti

Basi usiende Kariakoo, nenda kamwone mwenye ghorofa. Mwombe kona ya paa na soketi moja, hapo zinakaa redio mbili, moja inatazama ofisini, nyingine kwako. Akikataa, rudi kwa ushauri wa bando_halitoshi.